Pindo la Shuka

Ulimsikia. Usigeuze shingo kama mtu aliyeulizwa njia, ulimsikia. Ulimsikia akibweka, kisha ukamsikia akilia, kisha ukasikia kimya, na kile kimya ndicho ulichokishukuru. Ulisema, "Afadhali, amezoea." Ukaongeza sauti ya redio, ukafunga dirisha la upande ule, ukajiambia kwamba mbwa ana mwenyewe na mwenyewe ana sababu zake. Kila mtu ana namna yake ya kujitia hamnazo. Wengine wana redio, wengine wana sala, wengine wana kazi nyingi. Hii ni habari ya dobi mmoja aliyetumia mashuka.

Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloudhi. Watu wabaya ni wachache mno kuyamaliza maovu yote haya peke yao. Wanatuhitaji sisi wengine tukae kimya. Dobi huyu alikuwa mjane wa makamo, mikono mipana iliyochunwa na sabuni, ulimi mtamu kwa wateja. Alipanga chumba cha chini cha jengo la ghorofa. Humo alifua na kupiga pasi, na nyuma ya pazia ndimo alimolala yeye na binti yake mkubwa, muuzaji wa duka la simu. Riziki yao ilikuwa mashuka meupe ya nyumba ya wageni ya mtaa wa pili. Ruhusa ya kuanika juu ya paa ilikuwa ndani ya kodi ya pango lake, naye alililinda paa lile kama mtu anavyolinda shamba.

Lilikuwa paa bapa, limepakana na paa la jengo la jirani, katikati pana ukuta mfupi usiofika goti. Kamba zake zilikuwa mbili. Ya katikati, penye jua la kutwa, ilikuwa ya mashuka. Ya ukutani, iliyoingiwa mapema na kivuli cha tangi la jirani, ilikuwa ya soksi, fulana na vitu vidogo vidogo. Dobi yeyote mwenye akili zake angepanga vivyo hivyo.

Ndipo jirani, mwenye duka la spea, alipochoka kuibiwa mabomba ya tangi lake, akaleta mbwa. Alikuwa mbwa wa rangi ya udongo, sikio moja limekunjika, bado ana utoto. Akamfunga kwa mnyororo kwenye mguu wa tangi, akamtupia ovaroli kuukuu ya kulalia, akashuka zake. Siku ya kwanza mbwa alipomwona dobi akitokea na beseni kichwani, alitikisa mkia mpaka nusu nzima ya nyuma ikawa inacheza ngoma. Dobi alicheka. Hata akampungia mkono.

Siku zikaenda. Bakuli likajaa, likakauka. Likakauka zaidi ya lilivyojaa. Mara moja, mara moja tu, dobi aliinama ukutani akamwita mfanyakazi wa duka aliyekuwa chini uani.

"We kaka! Huyu mbwa ana maji?"

"Anayo, mama, usihofu!"

Akashukuru. Bakuli lilikuwa mbele ya macho yake, kavu, lina jani ndani. Lakini alichokuwa amekitaka ni jibu, na jibu amepata.

Siku ya kufua iliyofuata akabadilisha kamba. Mashuka yakahamia ukutani, soksi zikaletwa juani. Binti alipouliza kwa nini siku hizi mashuka yanachelewa kukauka, mama mtu akasingizia upepo. Palipokuwa na mbwa pakawa na weupe mtupu, unaopepea, unaonukia sabuni. Chini ya pindo ilibaki miguu minne. Dobi akajifunza kutotazama chini. Na baadaye kidogo akaja akaisogeza kamba ile nzima kutoka ukutani, urefu wa mkono mmoja kuja ndani. Sababu ya jambo hilo hakumwambia mtu.

Wala usidhani alikuwa peke yake. Yapo mambo ambayo mtaa huyasahau na yapo mambo ambayo hayafai kusahauliwa, na moja ni hili: nani alikuwa na dirisha gani. Fundi viatu wa ghorofa ya pili alikuwa na dirisha. Akaliziba kwa boksi. Mwalimu wa masomo ya jioni alikuwa na kibaraza. Akahamishia viti upande wa barabara. Mke wa mwenye duka la dawa alikuwa na madirisha mawili makubwa, na alisema mbwa wa aina ile ndivyo walivyoumbwa, hawahisi joto.

Kisha duka la spea likafungwa. Mwenyewe alihamisha kila kitu kwa lori, hata rafu, hata balbu za ukutani. Mwenye duka hakumkumbuka mbwa, au alimkumbuka akaona uvivu wa kupanda ngazi. Aliyempata ni fundi bomba, aliyeitwa na mpangaji mpya kulitazama tangi. Alimkuta katikati ya miguu ya tangi, ngozi na mfupa, akilamba zege pale tangi lilipovuja, mnyororo umemla shingo.

"Jamani! Kuna mtu huku?"

Dobi alikuwa anaanua. Alisimama na shuka kifuani.

"Mama, huyu mbwa yuko hapa tangu lini?"

"Mbwa gani?"

"Mbwa gani, mama! Huyu hapa! Akipiga chafya mashuka yako yanalowa!"

Dobi alilitazama shuka alilolishika, akalikunja mara mbili ingawa halikuwa limekauka. "Sikumwona, mwanangu," akasema. "Si unaona mwenyewe mashuka yalivyoziba. Sikumwona kabisa."

Fundi bomba alikuwa mwepesi wa kuamini watu. Alikata mnyororo kwa msumeno wake wa mabomba, akamviringisha mbwa ndani ya ile ovaroli, akasimama naye mikononi hajui aelekee wapi. "Sasa nimpeleke wapi? Kwangu kuna paka na kuna mama mkwe, na sijajua bado yupi ana makucha zaidi."

Dobi akausikia mdomo wake mwenyewe ukisema, "Mlete kwangu."

Ule haukuwa wema. Ilikuwa haraka ya mtu anayejitolea kumsaka mwizi huku mfuko wake umetuna.

Mtaa ukamsifu, loo! Walimsimamisha njiani kumpa mkono. Fundi viatu alishona ukosi laini wa ngozi, akakataa hata asante. Mke wa mwenye duka la dawa alileta dawa ya kidonda na kusema, "Dobi, una moyo wa peke yako. Ningejua kuna kiumbe kinateseka pale juu, ningekuwa wa kwanza kupanda." Dobi akaitikia, "Najua, mama." Wakatazamana kidogo, kisha kila mmoja akatafuta kitu kingine cha kutazama.

Kila sifa ilimpita kooni kama mwiba wa samaki. Angetukanwa angelala.

Mbwa mwenyewe hakuwa na habari na sifa. Alipowekwa chini tu alijipenyeza nyuma ya nguo zilizotundikwa kusubiri pasi, akakaa huko. Ukiinua mkono kufuta jasho, alijikunja. Ukimtazama usoni, alijikojolea. Chakula alikula tu pasipokuwa na mtu. Jambo pekee alilolifanya kwa hiari yake lilikuwa kuingiza pua chini ya nguo yoyote inayoning'inia na kutulia hapo.

"Hebu mwone, mama," binti akasema huku akicheka. "Kila kinachotundikwa yeye yuko chini ya pindo. Basi ndilo jina lake. Pindo! We Pindo!"

Pasi ikamtoka dobi mkononi, ikaanguka kwa kishindo. Mbwa akapotea nyuma ya makapu.

"Mama, vipi?"

"Imeniponyoka."

Mwenye nyumba, bibi mwenye fimbo na macho makali kuliko fimbo, hakuchelewa kuja. "Nilipangisha mama na binti. Sikupangisha mkia. Mwezi ukiisha nisimkute." Dobi alilalamika mbele za watu, lakini rohoni alishusha pumzi. Alitaka mbwa apate makao, ndiyo. Alitaka zaidi kisitokee tena chumbani mwake kile kichwa chini ya pindo.

Kwa hiyo wa kwanza aliyebisha hodi akampa. Alikuwa mpiga picha wa studio ya kona, mtu mchangamfu, alitaka mlinzi.

"Mkali?"

"Akinenepa atakuwa mkali."

"Isije ikawa mwoga tu."

"Kidogo. Ugeni huo. Mpe siku chache tu."

Mpiga picha alipoondoka, binti alimgeukia mama yake. "Kwa nini umemdanganya?"

"Sijamdanganya. Nimempunguzia."

Wiki haikuisha, mpiga picha akarudi amelowa jasho, anamvuta mbwa kwa kamba. "Mama, umenipa mbwa au umenipa kesi? Amejificha nyuma ya lile pazia langu la picha, lenye maporomoko ya maji. Nikiwasha taa, anaongeza maporomoko ya kwake! Jana bibi harusi kasimama pale na viatu vyake vyeupe…"

Binti aliangua kicheko. Dobi naye nusura acheke, mpaka alipoiona shingo. Kidonda kilichokuwa kimefunga kilikuwa kimefunguka chini ya kamba, kote kote. Mpiga picha alifuata macho yake, akaacha mzaha.

"Mimi si mtu katili, mama. Ungeniambia tu ukweli nisingemchukua, na yeye asingeburutwa mtaa mzima."

Maneno hayo yalibaki chumbani baada ya mwenyewe kuondoka.

Daktari wa mifugo, mwanamke mfupi asiyejua kubembeleza watu, alikisafisha kidonda pale pale sakafuni, amegeuza uso asimtazame mbwa, akifanya kazi kwa kupapasa. "Huyu msimtafutie mtu mwema," akasema. "Watu wema wana pupa. Wanataka kupendwa leo leo, wasipopendwa wananuna. Mtafutieni mtu asiye na haraka. Na hiyo ovaroli yake msiiguse. Harufu ile ndiyo nyumba yake. Kokote aendako, aende nayo hivyo hivyo ilivyo."

"Inanuka, daktari."

"Hivyo hivyo ilivyo."

Mtu asiye na haraka daktari alikuwa anamjua, na hakuna ambaye angemdhania. Alikuwa mnadi wa zamani wa sokoni, ambaye wote walimwita Kipaza, kwa sababu alinadi nguo upande huu na watu wakanunua wakiwa ng'ambo ya barabara. Halafu koo likaugua, likapasuliwa, na sauti iliyorudi ilikuwa mnong'ono tu kama karatasi inayokunjwa. Aliishi na dada yake, mjane, ambaye sasa aliongea kwa niaba ya wote wawili na hakuonekana kuuchukia wajibu huo.

"Huyu hapa ndugu yangu," dada mtu akasema mlangoni. "Zamani tulimwomba anyamaze akakataa. Sasa Mungu ametuitikia kupita kiasi. Karibu, Kipaza, ingia, mbona unasimama kama mdeni?"

Kipaza aliingia, akachagua kapu lililopinduliwa, akaketi akiwa amezipa mgongo nguo alikojificha mbwa. Basi. Hakumwita, hakupiga ulimi, hakutoa kitu mfukoni. Alikaa mpaka chai ya dada yake ikapoa, akainuka, akaenda. Siku nyingine akaja tena, akakaa vile vile. Dobi alipiga pasi akimwangalia, akaona mgongo ule mpana haudai chochote. Ikaja siku ambayo pua ilitokea nyuma ya kapu na kunusa pindo la koti la Kipaza. Kipaza hakugeuka. Alimkonyeza tu dobi, huku machozi yakimlengalenga yeye mwenyewe kama mtoto.

"Nitamchukua," akanong'ona.

"Anasema atamchukua," dada mtu akapaza.

"Wamesikia."

"Nani amekusikia wewe?"

Ikapangwa siku. Na ilipokaribia, dobi alifanya kosa ambalo ni dobi tu angelifanya.

Ile ovaroli. Ilikuwa imekakamaa kwa grisi ya spea, mkojo, kutu ya mnyororo na joto la paa. Alijiambia hawezi kumkabidhi mtu kitu kichafu namna ile, watu watasema nini, dobi mzima! Hiyo ndiyo sababu aliyompa binti yake. Sababu nyingine ilikuwa kwamba kila alipoinama pale kwenye makapu, harufu ile ilimpandisha ngazi mpaka juu ya paa. Akailoweka. Akaisugua kwa dawa ya madoa, akaisuuza mpaka maji yakatoka meupe, akaianika juani, kwenye kamba ya katikati, akaipiga pasi, akaikunja mraba kama shati la bwana harusi. Hakuna doa ambalo mikono ile iliwahi kulishindwa. Asubuhi Kipaza alipokuja, alimkabidhi mbwa na ile ovaroli safi, naye Kipaza akaishukuru, maana hakuambiwa na daktari.

Baada ya siku kadhaa dada yake Kipaza akatokea peke yake. Hakupiga hodi.

"Mbwa wako," akaanza.

"Si wenu sasa?"

"Akila atakuwa wetu. Kwa sasa ni wa ule upenyo chini ya sinki. Hali. Hanywi. Ile nguo uliyompa aliinusa mara moja akaikimbia. Ndugu yangu amehamishia godoro jikoni, analala sakafuni, nina wagonjwa wawili. Daktari amemwekea maji ya sindano leo, lakini amesema hawezi kumchoma kila siku kiumbe anayekufa kwa hofu akiguswa. Kesho asipokunywa mwenyewe, atamchoma ile nyingine, ya kumpumzisha." Akaketi kwenye kapu la ndugu yake. Kwa mara ya kwanza sauti yake ikashuka. "Kipaza amekataa hata kunitazama. Basi nimekuja kuuliza, dobi. Kuna kitu chochote unachokijua juu ya mbwa huyu? Alipokuwa kule juu, alipenda nini?"

"Mama atajuaje?" binti akadakia. "Yeye hakumwona kule juu. Alimwona siku ile ya fundi bomba, kama watu wote."

Pasi ilikuwa juu ya foronya. Dobi alisimama ameishika, haisukumi mbele wala hairudishi nyuma. Uongo ule ulikuwa wake, na sasa mwanawe ndiye aliyeubeba, kwa uso mkunjufu, kumtetea. Moshi ukaanza.

"Mama! Pasi!"

Akaiinua. Foronya ya nyumba ya wageni ilikuwa na alama ya pasi, ya kahawia, iliyokamilika pembe zote. Tangu ameanza kazi hiyo hakuwahi kuunguza hata leso.

"Hunywa kwenye shuka," akasema.

"Nini?"

"Shuka bichi. Linalodondoka. Hunywa kwenye pindo."

"Umejuaje?" akauliza dada mtu, taratibu.

"Nilimwona." Akaiweka pasi kando, akaifuta mikono iliyokuwa mikavu. "Kamba ilipokuwa ukutani, mashuka yalining'inia mpaka upande wake. Alivuta mnyororo mpaka mwisho, akanyoosha ulimi, akalamba matone. Ndiyo maji aliyokuwa nayo. Alinisubiri siku za kufua. Nilikuwa naanika, nausikia ule ulimi upande wa pili wa kitambaa, na sikuinua pindo. Halafu mwenye nyumba ya wageni akanirudishia shuka lina doa la matope, akasema likitokea tena atatafuta dobi mwingine. Nikaisogeza kamba. Mkono mmoja tu kuja ndani. Akawa hafikii. Siku ile namaliza kuanika, nikamwona kwa chini amevuta mnyororo, ulimi nje, anangoja kama kawaida. Nikachukua beseni langu nikashuka."

Nje mtu aliita jina la mtu, akaitikiwa.

"Mama," binti akasema, "ulisema hukumwona."

"Nilisema."

"Na ovaroli?" dada mtu akauliza. "Ilikuwa hivyo, safi namna hiyo?"

"Niliifua. Daktari alinikataza, nikaifua."

Dada yake Kipaza alisimama. Ilionekana atampiga, na dobi alisimama pale pale apigwe. "Na mtaa mzima unakuita mtu wa huruma!"

"Unaniita hivyo."

"Chukua shuka, twende. Matusi yako nitakupa njiani."

Akampa kweli, yote, bila kumpunguzia, mtaa hadi mtaa, huku dobi amebeba ndoo yenye shuka lililosuuzwa kwa maji matupu, halikukamuliwa. Watu waligeuka. Fundi viatu alitoa kichwa dirishani, akalisikia tusi lililokuwa na neno mbwa na neno kamba ndani yake, akakirudisha.

Jikoni mwa Kipaza mlikuwa na giza dogo na godoro sakafuni. Kipaza alikuwa amekaa juu yake, ameipa sinki mgongo, ndevu zimemwota. Dobi hakungoja kusemewa. Alipiga magoti mbele yake, akayarudia yote kwa kinywa chake, kamba, doa, mkono mmoja, ovaroli. Kipaza alisikiliza mpaka mwisho. Ilibidi dobi ainame kumsikia.

"Si mimi wa kukusamehe," akanong'ona. "Na huyu hana haja ya kukusamehe. Ana kiu. Tundika."

Wakafunga kamba kutoka nondo za dirisha mpaka bawaba ya mlango, dobi akalitundika shuka kwa vibanio, pindo likawa kiganja kimoja tu juu ya sakafu, kama lilivyokuwa likining'inia ukutani. Upande mmoja sinki na kilichokuwa chini yake. Upande wa pili watu watatu wameketi sakafuni, kimya. Maji yakaanza kudondoka. Tone, tone. Sakafu ikalowa mstari. Dada mtu alifungua mdomo, nduguye akamgusa goti, akaufunga, na kwa yule mwanamke hiyo haikuwa kazi ndogo.

Walingoja. Matone yalianza kupungua, na dobi, anayejua shuka linavyomaliza maji yake, alijua kwamba muda nao unakwisha. Hapo ndipo kucha zilipokwaruza sakafu. Zikasimama. Zikakwaruza tena. Chini ya pindo ikatokea miguu miwili ya rangi ya udongo, inatetemeka. Halafu ule ulimi.

Dobi aliijua sauti ile. Alikuwa ameisikia siku zote za kufua, akaiita upepo. Safari hii aliketi nayo mpaka ikaisha, kisha Kipaza akachota maji kwa bakuli pana, akalisukuma chini ya pindo bila kuonesha zaidi ya vidole vyake. Pindo alikunywa likaisha. Dada mtu alilia kwa fujo, kama anavyofanya mambo yake yote, lakini bila sauti.

Daktari alipokuja kesho yake alirudi na sindano yake mfukoni.

Kipaza hakumpa dobi pole wala asante. Alimpa kazi. "Kila siku ya kufua, uje na shuka bichi. Ulitundike mwenyewe. Uketi." Basi dobi akawa anakwenda. Kila safari Kipaza aliipandisha kamba kidogo, pindo likawa juu zaidi: leo miguu, siku nyingine magoti, siku nyingine kifua. Ovaroli iliyofuliwa Kipaza aliivaa yeye, akafanyia kazi ndani yake, akapikia, akatolea jasho, mpaka ikanuka yeye. Ndipo akaitandika karibu na sinki na mbwa akaikubali. Haya yalichukua muda mrefu, na katika muda huo mbwa alirudi nyuma mara nyingi kwa sababu ya sufuria iliyoanguka au mgeni aliyecheka, na hakuna mara hata moja Kipaza alipouliza ni lini atazoea.

Huku mtaani dobi alimtafuta fundi bomba akamwambia, "Nilikudanganya. Nilimwona." Fundi bomba aliacha kumsalimia, na mpaka leo salamu yake ni ya shingo upande. Lakini waliokasirika hasa walikuwa wengine. Mke wa mwenye duka la dawa alimfuata mpaka chumbani. "Kulikuwa na haja gani ya kuyasema hadharani? Sasa watu wanaanza kuulizana nani alikuwa anaona nini."

"Waulizane," dobi akasema, akaendelea kupiga pasi.

Nyumba ya wageni ilipata dobi mwingine, kwa sababu ya ile foronya. Naye dobi wetu alipanda juu na kisu, akaikata ile kamba iliyokuwa ya ukutani. Sasa anaanika kidogo zaidi na anaona mbali zaidi, na mambo mengine anayoyaona angependa asiyaone.

Siku ambayo shuka halikuhitajika tena, Kipaza alimwambia aje hata hivyo. Pindo alikuwa amelala juu ya ovaroli, mgongo umeegemea mguu wa Kipaza. Aliinua kichwa, akamtazama dobi usoni. Hakutikisa mkia. Mkia ule wa siku ya kwanza, ulioichezesha nusu ya mwili, dobi hajauona tena, na hakuna anayemwahidi kwamba atauona. Alitamani kugeuza macho kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote. Hakuyageuza. Wakatazamana hivyo mpaka mbwa ndiye aliyechoka, akalaza kichwa, akalala.

Na wewe? Umefika mpaka hapa, umemwonea huruma Pindo, pengine umemlaumu dobi, na sasa unataka kufunga ukurasa ukiwa umejisikia mtu mwema. Hapana. Unalijua paa. Unaujua ua, banda, kibaraza, ule ukuta ambao nyuma yake kuna mnyororo unaoburuzwa. Shuka lako unalijua wewe mwenyewe. Kiweke chini unachokisoma. Liinue pindo. Jaza ndoo, panda, gonga mlango wa mwenye mbwa, na wakikuambia "anayo maji, usihofu," pita ukalitazame bakuli kwa macho yako. Usisubiri kesho. Amevuta mnyororo mpaka mwisho, ulimi nje, na anazisikia hatua zako. Nenda sasa hivi.